Vijiti vya dhahabu vya nanomita 808 kwa tiba ya mseto ya saratani: vya kununua na vya kuacha

Tuanze na hukumu, maana wengi wanaotafuta bidhaa hii wana bajeti ya chupa moja tu. Maabara inayotaka kuunganisha joto la mwanga na dawa ya kemikali kwenye seli za saratani inunue vijiti nano vya dhahabu vilivyokwisha kuvikwa PEG (polima inayoyeyuka majini) yenye ncha ya kaboksili, vyenye kilele cha ufyonzaji karibu na nanomita 808. Vyenye CTAB (sabuni ya kukuzia vijiti) viacheni kama hakuna mtu mwenye subira ya kuviosha. Vyenye ganda la silika hubeba dawa nyingi zaidi, ila vinadai kazi ambayo lebo haiitaji. Vyenye sitrati (chumvi ya asidi ya limau) ni vya wanaojua hasa wanachokitafuta. Kwa upande wa joto, zote nne hutimiza ahadi. Kwa upande wa mseto, ambao ndio hupambwa kwenye matangazo, kazi karibu yote humbakia mnunuzi.

Vijiti vya kawaida vya 808 vina unene wa nanomita 10 na urefu wa 40 hivi. Mwanga ukivipiga, elektroni huru za dhahabu huyumba kwa pamoja. Kwa upande wa unene huyumba kwa mwanga wa nanomita 510 hadi 520. Kwa upande wa urefu, kadiri kijiti kinavyorefuka ndivyo kilele kinavyosogea kwenye mawimbi marefu. Urefu ukiwa karibu mara 4 ya unene, kilele kikubwa huangukia karibu na 800. Katika eneo hilo damu na maji havifyonzi mwanga mwingi, na leza za diodi za 808 si adimu. Mbinu ya kuvikuza kutoka kwenye mbegu, kwa kutumia CTAB na nitrati ya fedha, iliboreshwa na Nikoobakht na El-Sayed mwaka 2003. Mwaka 2006 kundi la El-Sayed lilionyesha kwamba seli za saratani zilizoshikwa na vijiti vyenye kingamwili dhidi ya EGFR, protini iliyojaa kwenye uso wa seli hizo, hufa kwa takribani nusu ya nishati ya leza inayohitajika kuua seli za kawaida. Dawa haikuwamo katika jaribio lile. Lilikuwa joto peke yake, na kwa joto peke yake bidhaa hii haina ubishi.

Lebo na yale inayoyaficha

Lebo nyingi hutoa mambo matatu: mahali pa kilele, kipimo cha ufyonzaji kwenye kilele hicho, na vipimo vya kijiti. Kipimo cha ufyonzaji ndicho watu hukitumia kupangia dozi, na hapo ndipo makosa huanza. Urefu wa kilele hutegemea umbo. Chupa mbili zenye dhahabu sawa kwa uzito zinaweza kutofautiana sana kwenye kilele ikiwa moja ina vijiti vinavyofanana na nyingine imejaa vijiti vya urefu mchanganyiko pamoja na chembe za mviringo.

Njia ya haraka ya kujua kiasi cha dhahabu ni kusoma ufyonzaji kwenye nanomita 400, mahali ambapo umbo halina ushawishi mkubwa. Katika kyuveti (kichupa cha kupimia ufyonzaji) ya sentimita 1, usomaji wa 1.2 kwenye 400 ni sawa na milimola 0.5 za dhahabu kwa lita, yaani takribani mikrogramu 98 kwa mililita. Soma 400 kwanza, kisha kilele, ndipo uwe na namba mbili za kulinganisha chupa ya leo na ya mwezi ujao. Kwa mahesabu ya mwisho bado utahitaji kuyeyusha sampuli kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki 1 kwa hidrokloriki 3 na kuipima kwa ICP-MS (mashine ya kupima kiasi cha metali), lakini huhitaji kufanya hivyo kila asubuhi.

Angalia pia kilele chenyewe. Kikiwa chembamba na kirefu, na kile kidogo cha 510 hadi 520 kikawa chini sana, chupa ni nzuri. Kilele kikubwa kikitanuka na kuburuta mkia hadi nanomita 1000, vijiti vimeanza kushikana. Kile cha 520 kikinyanyuka isivyo kawaida, kuna chembe za mviringo nyingi: zimelipiwa kwa bei ya dhahabu, na mbele ya leza ya 808 hazifanyi kitu.

Chupa ya CTAB

Hii ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko zote. CTAB ni sabuni yenye chaji chanya inayovifunika vijiti kwa tabaka mbili. Bila hiyo vijiti havikui wala havielei. Pamoja nayo, utando wa seli hupasuka. Kiasi kidogo cha CTAB huru kilichobaki kwenye maji kinatosha kuua seli kabla leza haijawashwa, na mtafiti asiye makini atasifia dawa yake.

Ukiipokea chupa ina fuwele nyeupe chini, usiitupe. CTAB huganda kwenye baridi. Iweke kwenye maji ya nyuzi 30 hadi fuwele ziyeyuke zote, kisha izungushe taratibu kwa mkono. Ukichota juu ya fuwele bila kuziyeyusha, utabadilisha ukolezi wa sabuni kwenye chupa nzima, na kila sampuli utakayochota baadaye itakuwa tofauti na iliyotangulia.

Kuosha kuna mtego wake. Zungusha kwenye sentrifuji kwa takribani g 10,000 hadi 12,000 kwa dakika 10 hadi 15, mwaga maji ya juu kwa pipeti pasipo kugusa tone jeusi la chini, rudisha maji safi. Mara moja ni salama. Mara ya pili, kabla ya kuweka PEG, ukolezi wa CTAB unaweza kushuka chini ya milimola 1 kwa lita, mpaka ambao chini yake sabuni huachana na makundi yake na kuanza kutoka kwenye dhahabu pia. Vijiti hushikana, na rangi nyekundu ya kahawia hugeuka kijivu. Havirudi tena, hata ukiviwekea mashine ya mawimbi ya sauti.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: osha mara moja, weka PEG yenye ncha ya salfa na uzito wa molekuli wa 5,000, acha usiku mzima ikichanganyika taratibu, kisha osha mara mbili. Kuhusu kiasi, kijiti cha 10 kwa 40 kina uso wa takribani nanomita za mraba 1,250. Hata ukikadiria kwa ukarimu molekuli 4 kwa kila nanomita ya mraba, kijiti kimoja kitashika zipatazo 5,000. Kwa vijiti vya nanomola 1 kwa lita, hiyo ni mikromola 5 za PEG, yaani mikrogramu 25 kwa mililita. Ukiweka miligramu 1 kwa mililita, una ziada ya mara 40, na ziada hiyo inahitajika kwa sababu CTAB haiondoki kwa hiari.

Jaribio la kuhakikisha ni rahisi kiasi kwamba kuliruka ni uzembe. Ongeza chumvi ya kawaida hadi milimola 150 kwa lita, subiri saa moja, soma tena. Kilele kikibaki palepale na kwa urefu uleule, PEG imeshika. Kikishuka na kutanuka, rudi nyuma. Chaji ya uso nayo hutoa ushahidi: vijiti vya CTAB husoma chanya kwa nguvu, vya PEG husogea karibu na sifuri au hasi kidogo. Kama bado inasoma chanya ya juu, ulichonacho ni CTAB yenye jina la PEG.

Chupa ya PEG

Hapa muuzaji amekufanyia yote hayo, na tofauti ya bei inastahili. Kosa la kawaida ni kununua PEG yenye ncha ya methoksi. Hiyo ni nzuri kwa joto tupu na kwa kuzunguka kwenye damu, ila haina mahali pa kufungia dawa. Agiza yenye kaboksili au amini, au mchanganyiko wa methoksi nyingi na kaboksili chache. Ikiwa yote ni kaboksili, chaji hasi huongezeka na protini za damu huvamia haraka zaidi.

Swali ambalo halijibiwi kwenye katalogi ni hili: kijiti kimoja kinaweza kubeba dawa kiasi gani? Tulihesabu. Kijiti cha 10 kwa 40 kina atomi za dhahabu zipatazo 170,000. Kama kila moja ya molekuli 5,000 za PEG ingebeba molekuli moja ya doksorubisini, dawa ya tibakemikali, uzito wa dawa ungekuwa asilimia 8 tu ya uzito wa dhahabu. Kwa vijiti vya nanomola 1 kwa lita ungepata doksorubisini ya mikromola 5 kwa lita, na hicho ndicho kilele cha nadharia. Uhalisia huwa sehemu ndogo ya hapo. Tangazo likidai dawa inazidi nusu ya uzito wa dhahabu kwenye vijiti vyenye PEG tupu, basi sehemu kubwa ya dawa hiyo imenata hovyo na itaachia mara tu ikikutana na seramu.

Njia ya kufunga doksorubisini ina maana kuliko kiasi chake. Kifungo cha hidrazoni hustahimili pH 7.4 na hukatika kwenye pH 5 hivi, ndani ya vifuko vya seli; kwa mseto wa joto na tibakemikali hiki ndicho tunachokipendelea. Kuinatisha kwa chaji ni rahisi zaidi lakini huvuja. Kuifunga moja kwa moja kwa salfa kuna udhaifu mwingine: ndani ya seli kuna glutathioni ya milimola 1 hadi 10 kwa lita, ambayo hung'oa salfa kutoka kwenye dhahabu bila kusubiri leza. Ukidai kwamba mwanga ndio uliotoa dawa, onyesha kwanza ni kiasi gani kilitoka gizani.

Kupima dawa iliyoshikwa kuna mitego miwili. Wa kwanza: doksorubisini iliyo karibu na dhahabu huzimwa mng'ao wake, kwa hiyo ukipima chupa yenyewe utaona kidogo kuliko kilichopo. Lazima uiachilie kwanza, kwa asidi kama ni hidrazoni au kwa dithiothreitoli kama ni salfa, ondoa vijiti kwa sentrifuji, ndipo usome karibu na nanomita 590 ukiamsha kwa 480. Wa pili: ukihesabu kwa kutoa kilichobaki majini kutoka kwa ulichoweka, utaihesabia dhahabu ile dawa iliyonata kwenye plastiki ya kichupa. Weka kichupa cha ulinganisho kisicho na vijiti. Fanya yote gizani, maana doksorubisini yenyewe huharibiwa na mwanga, na usiiache kwenye bafa ya fosfeti yenye ukolezi mkubwa wa dawa kwa sababu hujikusanya na kuzama.

Chupa ya silika

Ganda la silika yenye vinyweleo, unene wa nanomita 15 hadi 20, huleta faida mbili za kweli: nafasi kubwa ya dawa, na ulinzi wa umbo. Donge la kawaida la dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, lakini kijiti cha nano hujikunja kuwa mviringo kwenye joto la chini mno kuliko hilo. Kikijikunja, kilele cha 808 hupotea na leza yako inabaki inaangaza maji.

Sasa yale yasiyosemwa. Vinyweleo vya silika huumbwa kwa kuizunguka CTAB, kwa hiyo chupa mpya inaweza kuwa imejaa sabuni ileile uliyoikimbia. Muulize muuzaji kama imetolewa na kwa njia gani. Jibu la kuridhisha ni kuoshwa mara kadhaa kwa ethanoli ya moto yenye nitrati ya amonia. Pia silika huyeyuka polepole kwenye bafa za maji, hasa ikiwa nyembamba na ukolezi wa chembe ni mdogo. Ihifadhi kwenye ethanoli, hamishia majini siku ya kazi.

Kabla ya kuiamini, ipime uvujaji: nyuzi 37, maji ya kukuzia seli yenye asilimia 10 ya seramu, gizani, saa 24. Kama zaidi ya sehemu ndogo ya dawa imetoka, ganda halina mlango, na hadithi ya dawa inayofunguliwa na mwanga haiwezi kusimama. Hatuipendekezi kwa kundi linaloanza. Kwa kundi lenye mkemia wa silika, ni bora kuliko zote.

Ya sitrati tuiseme kwa sentensi mbili. Ni safi kwa seli na rahisi kufunikwa kwa chochote chenye salfa, ila hushikana papo hapo kwenye chumvi na hujifunika protini isipowahiwa. Anayefanya kemia yake mwenyewe ya uso ataifurahia.

Leza, mahali fedha zinapopotelea

Leza huuzwa kando, na ni nusu ya bidhaa. Chukua diodi ya 808 yenye nyuzi ya kioo na lenzi ya kusawazisha mwale, yenye wati 2 za kutosha. Leza za mipigo mifupi ya nanosekunde au femtosekunde ziacheni: ndizo zinazoyeyusha vijiti kwa sekunde chache. Nunua kipimanguvu pamoja nayo. Namba inayoonyeshwa kwenye kioo cha mashine ni ya diodi, wala si ya kinachofika kwenye seli, na wimbi la diodi husogea takribani nanomita 0.3 kwa kila nyuzi ya joto, kwa hiyo iache ipate moto kwanza.

Kosa linalorudiwa sana ni hesabu ya eneo. Wati 1 kwenye duara lenye kipenyo cha sentimita 1 si wati 1 kwa sentimita ya mraba. Eneo la duara hilo ni 0.785, kwa hiyo ni 1.27. Tena katikati ya mwale huwa na nguvu kuliko kingo. Weka karatasi ya kuonyesha infraredi na uone duara halisi kabla ya kuandika namba yoyote.

Viwango vya usalama wa ngozi kwa mwanga mfululizo wa 808 ni takribani wati 0.33 kwa sentimita ya mraba. Kwa mwanga wa nanomita 1064 ni wati 1. Maandiko mengi hutumia wati 1 hadi 2 kwenye 808, na hayasemi kwamba ngozi yenyewe ingeungua. Je, 0.33 inatosha? Chukua kisima cha sahani ya visima 96 chenye mikrolita 100: eneo 0.32, kina cha sentimita 0.31 hivi. Vijiti vyenye ufyonzaji wa 1 kwa sentimita vitakamata karibu nusu ya mwanga. Hiyo ni wati 0.05 hivi, ambayo ikigeuka joto yote hupandisha maji kwa nyuzi 7 kwa dakika, kabla ya kutoa kinachopotea pembeni. Kwa sahani iliyoanzia kwenye nyuzi 37, inatosha kabisa kufika mahali pa maana. Anayehitaji wati 2 kwenye sahani ana vijiti vichache au vibovu.

Kwenye sahani, ruka visima: acha kimoja kitupu kati ya kila viwili, la sivyo jirani atapashwa moto bila kuombwa. Ondoa kifuniko, kwani huficha sura ya joto kwa kamera ya infraredi na hukusanya mvuke. Kamera hiyo husoma uso tu. Kipimajoto cha waya wa metali kikiwa ndani ya mwale hujipasha chenyewe na kukudanganya kwenda juu. Kiweke pembeni ya mwale, au tumia cha nyuzi ya kioo.

Leza hii ni daraja la 4 na mwanga wake hauonekani vizuri, kwa hiyo jicho halipepesi kujilinda. Miwani lazima iandikwe wimbi la 808 na kinga ya kiwango cha OD 5 au zaidi. Miwani ya leza ya kijani haina kazi hapa, hata ikiwa ya bei kubwa.

Kudumu kwa bidhaa kupimwe hivi: dakika 5 washa, zima hadi ipoe, rudia mara tano, kisha soma spektra. Grafu ya joto tupu haitoshi. Kilele cha 808 kikipungua huku cha 520 kikipanda, vijiti vinajikunja. Ama ile asilimia ya ugeuzaji wa mwanga kuwa joto inayoandikwa kwenye vipeperushi, isikuchanganye. Hukokotolewa kutokana na jinsi sampuli inavyopoa, na hutegemea kyuveti, ujazo na kukoroga. Namba za maabara mbili tofauti hazilingani.

Je, mseto upo kweli?

Hapa ndipo bidhaa nyingi huanguka, na kosa haliko kwenye dhahabu. Joto lenyewe huifanya doksorubisini iwe kali zaidi: utando wa seli hulegea, dawa huingia zaidi, ukarabati wa DNA hudhoofika. Kwa hiyo kundi la vijiti, dawa na leza likiua kuliko mengine, bado hujathibitisha chochote kuhusu kubeba dawa kwenye kijiti. Huenda ungepata matokeo yaleyale kwa kumimina dawa na kuweka sahani kwenye maji ya moto.

Basi kundi la lazima, linalokosekana mara nyingi, ni dawa huru pamoja na joto la maji lililolinganishwa na lile la leza, nyuzi kwa nyuzi, dakika kwa dakika. La pili ni vijiti vitupu na leza, pamoja na dawa huru iliyowekwa kando kwa kiasi kilekile. Ongeza leza peke yake, vijiti gizani, vijiti vyenye dawa gizani. Ulinganishe joto kwa kipimo cha dakika sawa za nyuzi 43: juu ya 43, kila nyuzi moja hupunguza muda unaohitajika kwa nusu, chini yake, kila nyuzi huuzidisha mara nne. Dakika 10 kwenye 46 ni sawa na dakika 80 kwenye 43. Dakika 10 kwenye 41 hazifiki hata dakika moja. Makundi mawili yanayotofautiana nyuzi 2 tu juu ya 43 yametofautiana mara nne, na hiyo peke yake yaweza kujifanya mseto.

Usipashe hadi 60. Kwenye joto hilo protini huganda mara moja, seli zote hufa, na dawa haina cha kuongeza. Mseto huonekana kati ya 41 na 45, mahali ambapo kila silaha peke yake inaacha manusura. Pasha mara moja tu kwa siku: seli zilizonusurika hutengeneza HSP70 na wenzake, protini za kujikinga na joto, na kwa muda huwa sugu kwa joto la pili. Kisha tumia kipimo cha mseto cha Chou na Talalay, cha mwaka 1984, kwa dozi kadhaa. Chini ya 1 ni kushirikiana, 1 ni kujumlika, juu ya 1 ni kuzuiana. Nukta moja ya dozi haitoshi.

Jihadharini na jaribio la MTT, linalopima uhai wa seli kwa rangi. Rangi yake husomwa karibu na nanomita 570, na vijiti vyenyewe hufyonza jirani hapo. Vilivyonata kwenye seli vitaonekana kama uhai. Weka visima vyenye vijiti bila rangi, au zungusha sahani na usome maji ya juu pekee.

Anayetaka kuunganisha joto na dawa inayotengeneza oksijeni kali kwa mwanga atakutana na shida nyingine. Klorin e6 (dawa ya aina hiyo, si klorini ya kusafishia maji) huamshwa karibu na 660, hivyo unahitaji leza ya pili. Kijani cha indosianini huamshwa karibu na 800, leza moja inatosha, ila hufifia upesi majini na mbele ya mwanga. Zote mbili zikigusa dhahabu huzimwa, kwa hiyo zinahitaji nafasi ya nanomita kadhaa, na hapo ganda la silika hulipa gharama yake. Anza na mwanga wa dawa, malizia na joto la wastani. Ukitanguliza joto kali, mishipa huziba, oksijeni hukosekana, na dawa hubaki bila malighafi. Madai kwamba vijiti vitupu vinatoa oksijeni singleti (ile oksijeni kali) kwa wingi, yakitegemea rangi ya kupimia ya DPBF peke yake, yapokeeni kwa tahadhari. Rangi hiyo hufifia kwa sababu nyingi.

Kutoka sahani hadi mgonjwa

Chupa hizi zote ni za utafiti, na hakuna iliyo dawa. Kilichofika mbali kwa wagonjwa ni bidhaa nyingine: AuroShell ya Nanospectra, kokwa ya silika yenye ganda la dhahabu, upana wa nanomita 150 hivi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusu wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. 15 walikamilisha matibabu, chembe zikiingizwa kwa mshipa siku moja hivi kabla na leza ikipelekwa kwa nyuzi ya kioo ndani ya tezi. Hata hapo lilikuwa joto peke yake. Na ule ujanja wa kuingiza nyuzi ndani unaonyesha wazi kikwazo cha 808: kwenye nyama mwanga huo hupoteza nguvu ndani ya milimita chache, kwa hiyo uvimbe wa panya chini ya ngozi haukuambii mengi kuhusu uvimbe wa kongosho.

Kikwazo kingine ni kufika. Uchambuzi wa Wilhelm na wenzake wa mwaka 2016 ulikuta kwamba wastani wa kati wa dozi inayofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu, na dhahabu ya ukubwa huu haipiti kwenye figo, ambazo huchuja vitu vya chini ya nanomita 6 hivi. Hukaa humo kwa miezi. Anayepanga jaribio la wanyama apime ini na wengu siku ya 1, ya 7 na ya 30, na kwenye ripoti aandike asilimia ya dozi kwa gramu, asitosheke na picha.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umwombe vitu vinne kwa namba ya toleo hilohilo: spektra kamili kuanzia 400 hadi 1000, picha ya hadubini ya elektroni yenye vijiti zaidi ya mia, chaji ya uso, na kipimo cha sumu za bakteria pamoja na maelezo ya jinsi dhahabu ilivyozuiwa isiingilie kipimo hicho. Anayetuma spektra ya "mfano" kutoka kwenye tovuti hana cha kukuuzia. Agiza mililita chache, zijaribu, ndipo uagize kiasi kikubwa cha toleo lilelile. Ikifika, chupa ya PEG na ya sitrati ziweke kwenye nyuzi 4, ya CTAB iache kwenye joto la chumba, na hakuna hata moja ya kugandisha: barafu huvisukuma vijiti pamoja, na ukiiyeyusha utakuta vumbi la kijivu chini ya maji meupe.